Kamaliza la saba, Januari anakwenda bweni. Nimfundishe nini kabla hajaondoka?

Mama Shafii, Tanga

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni.

Nina kijana wangu wa miaka 13, kamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi huu huu wa tisa. Mjomba wake kasema hata asipochaguliwa shule ya bweni ya serikali, yeye atamlipia ada bweni moja huko Lushoto. Kwa hiyo kwa vyovyote vile Januari tranka linatoka mlangoni kwangu.

Mtaani kila mzazi kamkimbiza mwanawe kwenye masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, maana huko masomo ni Kiingereza na wao miaka saba wamesoma kwa Kiswahili. Sina ubishi na hilo, wangu naye anakwenda asubuhi. Ila akirudi mchana ni wangu, na nimeamua miezi hii iliyobaki nimpe yale ambayo hayamo kwenye daftari la mwalimu yeyote. Shida nakaa na bibi yake, mama mkwe wangu. Kila nikimwita mtoto jikoni, bibi anavuta kanga kichwani anasema, "Haya, mfundeni, mwali huyo."

Niwaeleze alipofika. Chai, uji, mayai, ugali, hayo hayana mjadala. Sasa hivi tupo kwenye wali wa nazi. Nazi anakuna mwenyewe, tui zito analiweka pembeni, mchele anautia kwenye tui la pili, maji yakikaribia kukauka ndipo anamwagia lile zito. Anapoharibu ni kupalia. Makaa anayajaza juu ya mfuniko na chini hajapunguza hata moja, basi nusu sufuria ni ukoko. Na bibi yake, huyo huyo wa mwali, ndiye wa kwanza kuuliza ukoko umewekwa wapi.

Kufua anafua, ila kola na kwapa anazipitia juu juu. Kifungo anashona. Sala zake tano siku hizi simkumbushi, isipokuwa alfajiri, na hiyo hata watu wazima tunajuana.

Jumamosi naondoka naye alfajiri kwenda soko la Mgandini kuchukua bidhaa za genge. Nyanya nimemwachia yeye. Siku ya kwanza alichagua tenga kwa kuangalia juu, nikanyamaza. Tulipomimina nyumbani, juu nyanya ngumu, nyekundu, zinang'aa, chini rojo tupu. Zile za chini tuliziuza fungu kwa bei ya kutupa, na daftari la hasara nilimkabidhi yeye aandike kwa mkono wake. Sasa akifika sokoni anamwambia muuzaji, "Kaka, naomba tumimine kwanza." Akikataliwa anaaga kwa adabu anakwenda kwa mwingine. Hapo pa kwenda kwa mwingine ndipo ninapopataka mimi, kuliko hata hesabu ya faida. Mtoto huyu ni mpole mno. Mtu akimkazia sauti tu, anakubali.

Sasa mliopeleka watoto bweni, na nyinyi mliosoma bweni wenyewe: ni kitu gani mtoto alifika kule akawa hanacho, na angeweza kukipata nyumbani? Tafadhali wale wa "asiyefunzwa na mamaye", hiyo naipata kila siku bure kwa mama mkwe. Nileteeni vitu vya kufanya.

Baba Watatu, Morogoro

Waaleikum salaam Mama Shafii. Hongera kwanza kwa hilo la tenga, mimi watu wazima wenzangu bado wananunua kwa kuangalia juu.

Langu ni la safari. Wa kwanza wangu alianza bweni mwaka juzi, na likizo ya kwanza kabisa alirudi peke yake. Kwa hiyo kabla hujampa tranka, nenda naye stendi ya Kange siku ambayo hamsafiri. Mwache akate tiketi, hata kama ni ya kwenda Muheza na kurudi. Jina lake liandikwe kamili, namba ya basi aiandike pembeni, nauli ya dharura aitenge mfuko mwingine na ile ya matumizi. Asipokee juisi wala biskuti ya mtu anayekaa naye, hata awe mama mwenye sura ya huruma. Akikosa basi, mahali pa kusimama ni ofisini kwa wakata tiketi, asitoke nje kwa vijana wa mizigo.

La pili ni lako wewe zaidi kuliko lake. Kuna watu wanapigia wazazi: "Mwanao kaanguka shuleni, tuko hospitali, tuma hela haraka kwenye namba hii." Mimi nilipigiwa. Tulikuwa tumeshakubaliana na mwanangu neno moja la nyumbani, na kwamba mtu yeyote akinipigia kwa niaba yake lazima alijue. Yule jamaa nilipomuuliza neno akakata simu. Sasa wewe kaa na Shafii mchague lenu, lisiwe jina la mtu wala la paka.

Mwana wa Likoni

Mama Shafii hujambo. Mimi niko ng'ambo hii, Likoni. Wangu ni wa lile kundi la kwanza la mtaala mpya Kenya, ameingia gredi ya 10 Januari 2026, shule ya bweni huko bara. Kabla ya kuingia ilibidi wachague mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Babake alitaka ule wa kwanza, hataki kusikia mwingine. Mtoto naye ni wa historia tangu utotoni, humaliza kitabu kabla mwalimu hajafungua.

Akaja kwangu nimwombee kwa baba. Nikamwambia siendi. Kaa uandike sababu zako kwa karatasi, uingie sebuleni umwambie mwenyewe. Siku hiyo mimi niko jikoni na mwiko mkononi, sikoroji kitu, nasikiliza tu. Sauti yatetemeka lakini yatoka. Babake hakukubali usiku ule, alikubali baadaye akishaongea na mwalimu wa darasa. Lakini mimi nilichokuwa nakitaka nilikipata pale pale.

Kwa hivyo mpole wako usimwombee mambo. Mtume akaulize dukani kwa nini chenji imepungua, mtume zahanati akaeleze anavyoumwa yeye mwenyewe na wewe ukae kwenye benchi kimya. Utaumia kukaa kimya, nakwambia.

Na mfundishe chapati. Wali kule hawatamwachia apike, lakini likizo akialikwa kwa rafiki, kijana wa kusukuma chapati hapatikani kila siku.

Mzee wa Pongwe

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Miaka 13 bado ni mdogo. Wanangu wote wamesoma shule za kata, wamelala kwao, wamekula kwa mama yao, na leo wana kazi zao. Haya mambo ya kufundisha kwa miezi michache halafu kumtupa mtoto milimani mimi siyaelewi. Adabu ya mtoto hujengwa akiwa anakuona kila siku. Mwacheni akae.

Mama Shafii, Tanga

Shikamoo baba. Nimekusikia, na wala sina neno na shule za kata, mimi mwenyewe nimesoma huko. Ila nyumba yangu ni chumba na sebule, tuko watu sita, na bibi akilala taa inazimwa. Mtoto anasoma kwa tochi ya simu yangu, simu nayo ikilia ni wateja wa genge. Bweni kwake ni meza na taa. Na mdogo wake anakuja nyuma, naye kwa mtaala mpya, ile Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, elimu ya msingi inaishia la sita. Akipata nafasi ya bweni ataondoka mdogo kuliko kaka yake. Kwa hiyo bora nianze kuyajua haya sasa.

Hajatupwa, baba. Lushoto si mbali.

Baba Watatu, hilo la neno la siri limenishtua, leo leo tunachagua. Mwana wa Likoni, la zahanati nimelipenda lakini umesema kweli, kukaa kimya nitaumwa mimi.

Mlezi Bweni

Nimekuwa mlezi wa bweni la wavulana kwa muda mrefu, shule siitaji. Nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu wazazi wengi huuliza habari za ndoo na godoro, hawaulizi hili.

Kwanza kufua. Usijisumbue sana. Mtoto asiyejua kufua atajua kabla Februari haijaisha, wenzake watamcheka kisha watamwonyesha. Wewe sema naye baridi tu. Milimani mwezi wa sita na wa saba nguo haikauki kama Tanga, unaweza kuanika asubuhi ukaanua jioni bado mbichi. Ajue kukamua vizuri, kugeuza shati ndani nje, kufua kidogo kidogo katikati ya wiki na asilimbikize hadi Jumamosi. Soksi azifue jioni ile ile anapozivua. Sweta mbili, si moja.

Sabuni. Nunua mche mapema, ukate vipande, uvianike juu ya kabati viwe vikavu kabisa kabla ya safari. Sabuni mbichi inayeyuka kwenye ndoo kama sukari. Na mpe kipande kimoja kidogo cha ziada ambacho umemwambia wazi ni cha kuazimisha. Mpole hawezi kukataa siku ya kwanza, basi awe na cha kutoa bila kuumia. Kikiisha kile, jibu analo: "Cha kuazima kimeisha." Nimeona watoto wanaishi muhula mzima kwa sentensi hiyo.

Majina kwenye nguo. Kalamu ya wino inafutika. Ashone kwa uzi, herufi mbili ndani ya kola, ndani ya kiuno cha suruali, kwenye ncha ya shuka. Umesema kifungo anashona, basi herufi atashona.

Sasa la kwangu hasa. Wenzake hawatamfundisha kuja kugonga mlango wangu. Nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, kimya, msafi, kitanda kimenyooka kama cha jeshi. Nilimgundua kwenye foleni ya uji: anameza bila kutafuna, shavu moja limevimba. Jino. Alikuwa nalo siku nyingi. Nikamuuliza kwa nini hukuja, akasema, "Nilidhani utanigombeza." Nyumbani kwao akiumwa mama ndiye anayejua kwa kumwangalia usoni, yeye hajawahi kusema kwa mdomo wake "naumwa hapa, tangu jana, inazidi usiku". Mimi nina watoto zaidi ya mia. Siwezi kuwaangalia nyuso zote kama mama zao.

Kwa hiyo dada yangu wa Likoni kasema la maana kuliko sisi wote. Mpeleke zahanati aseme mwenyewe.

Wazazi pia mseme. Kama mtoto bado anakojoa kitandani, niambieni siku ya kuripoti, pembeni, kwa sauti ndogo. Wako wengi kuliko mnavyofikiri na si uvivu. Nikijua, nampa kitanda cha chini kwenye dabo deka, namwamsha saa sita usiku kama vile namtuma kitu, na hakuna mwenzake atakayejua. Nisipojua, mtoto anaamka saa tisa kugeuza godoro gizani, asubuhi darasani anasinzia, mwalimu anaandika "mvivu". Vivyo hivyo pumu, kifafa, selimundu. Dawa ziwe na jina lake na ajue anameza ngapi na saa ngapi.

Na hili mseme na wavulana kama mnavyosema na mabinti. Mtu yeyote, awe mwalimu, mlinzi, kaka wa kidato cha nne, hata mimi, akimshika pasipostahili au akamwambia "usimwambie mtu", basi ndilo hasa la kwenda kumwambia mtu. Akimwambia mtu asimsikilize, aende kwa wa pili. Kama anavyofanya kwenye nyanya, Mama Shafii. Ikishindikana shuleni kote, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

Kuna jambo dogo wengi wanalisahau: namba ya simu ya mama. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kwa hiyo mtoto anakuja kwangu anaomba apige nyumbani. Namuuliza namba. "Iko kwenye simu yetu." Aijue kwa kichwa, yako na ya mjomba.

Mama Shafii, Tanga

Mlezi, Mungu akuzidishie. Nimemwita Shafii sasa hivi nikamuuliza namba yangu. Kaanza vizuri, sifuri saba, halafu kaangalia dari.

Hilo la kipande cha kuazimisha nimecheka peke yangu. Na nimelisoma kwa sauti ili bibi asikie. Aliposikia habari ya majina ya kushona kasema herufi za mtoto zitakuwa kama miguu ya kuku, kaomba aletewe sindano yeye. Nimekataa. Tumeelewana ashone mtoto, bibi asimamie, na ikiwa mbaya anafumua. Yuko kwenye kola ya pili, kashafumuliwa ya kwanza.

La watu wazima kumshika nilikuwa nalizunguka zunguka, naona haya kwa mtoto wa kiume. Tutazungumza tukiwa njiani kwenda sokoni. Gizani hatutazamani, maneno yanatoka.

Dada Chausiku, Dodoma

Nimechelewa kufika. Yangu ni mabinti wawili, wote bweni, kwa hiyo mimi nilianza na taulo za kike, za dukani na za kushona, na jinsi ya kuhesabu siku kwenye kalenda asishtukizwe katikati ya kipindi. Lakini nataka niwaambie mama wa wavulana: mwambieni na mwanao. Binti yangu mkubwa alichafuka sketi darasani kidato cha kwanza. Wavulana wawili wakacheka. Wa tatu akavua sweta lake akampa ajifunge kiunoni, wala hakusema kitu, akaendelea kuandika. Siku ya wazazi nilimtafuta mama yake nimpe mkono. Kaniambia kwao ni watoto wa kiume watupu, ila aliwakalisha akawaeleza, kwa kuwa dada hawana basi dada wa wenzao ni dada zao.

Najua wa kwako huenda anakwenda shule ya wavulana tupu. Mwambie hivyo hivyo, likizo kuna basi, kuna mtaa, kuna binamu.

La hela: usimpe zote. Mwachie mlezi au mhasibu wa shule, achukue kidogo kidogo kwa daftari. Na kwa kuwa wako kashazoea daftari la genge, mwambie aandike matumizi, likizo akuletee. Usimgombeze kwa andazi. Mgombeze kwa kisichoandikwa.

Mama Shafii, Tanga

Dada Chausiku asante, la sweta nimelipeleka moja kwa moja.

Swali la mwisho halafu nawaacha mlale. Tranka. Fundi bati wa Ngamiani kaniambia kuna la bati jepesi na la bati zito, tofauti ya bei inaonekana. Na kufuli ninunue la aina gani? Mjomba wake anasema funguo zote apewe mtoto, ajifunze kutunza. Mimi nikimtazama huyu mtoto na ndala anazopoteza nasita.

Mlezi Bweni

Chukua bati zito. Jepesi linapindwa kwa kijiko, nimeona. Mwambie fundi bawaba azikaze kwa ribiti, asitumie skrubu, maana skrubu zinafunguliwa kwa sarafu, na pembe azikunje zisimkate mtoto miguu chini ya kitanda. Kufuli lolote gumu lenye funguo tatu. Moja avae shingoni kwa kamba, moja aniachie mimi au mlezi wa huko atakakokwenda, ikiwa kwenye bahasha yenye jina lake. Ya tatu ibaki kwako Tanga. Akipoteza ya shingoni aje achukue ya bahasha, na hapo atakuwa kashagonga mlango mara ya kwanza.

Jaribuni kulifunga na kulifungua mara kadhaa hapo nyumbani. Kufuli jipya linakwama, na usiku wa kwanza bweni watoto wengi hulia kwa sababu ya kufuli tu.